Silabi Tatu

Studio ipo Kijitonyama, juu ya duka la vigae,
kuta tumezivika magodoro ili honi zisiingie,
na kazi yangu ni kuwatia Wameksiko Kiswahili mdomoni.
Kilewo ndiye Rodrigo. Shufaa ndiye kila mwanamke anayelia.

Rodrigo anafungua mdomo mara tatu: te quie-ro.
Kilewo ana nakupenda, silabi nne,
ya mwisho inaning'inia hewani
mdomo wa mwenyewe umeshafungwa.
"Mama, punguza neno," ananiambia fundi mitambo,
kana kwamba ni suruali.

Mengine hayanitoi jasho.
Mi cielo, mbingu yangu: nikaliandika, nikalifuta;
mbingu zetu ni za Mungu, na za mvua ya Aprili inayoizamisha Jangwani,
nani aitwe hivyo akaitika?
Gordita nikaliweka bonge langu, na Shufaa, kilo tisini,
akasema hilo liache, hilo limekaa.
Mi negra, mweusi wangu. Dar nzima ingegeuka.
Media naranja, nusu chungwa,
yaani mwenzio mliyekatwa naye kwenye tunda moja,
lakini mtazamaji wangu yuko Buguruni,
nusu chungwa analijua: limemenywa, lipo juu ya sinia,
asubuhi shilingi mia, jioni chukua tu na nzi wake.
Nikaandika ubavu wangu. Ubavu haudodi.

Ila te quiero.

Mwaka wa themanini na nne nilipelekwa Matanzas
kusomea magonjwa ya ng'ombe,
na sanduku la bati, na sweta la kuazima,
na daftari la maneno
nililoachiwa na mwanafunzi wa kabla yangu, mtu wa Ifunda,
mwandiko umelala kama mpunga uliopigwa na upepo.
Palikuwa na Osvaldo, fundi wa majokofu ya chanjo,
kila kitu kwake kilipewa jina dogo:
kahawa ikawa kikahawa, sasa hivi ikawa kisasahivi,
mimi, Sikudhani, nikawa Dhanita.

Jioni moja, mikono ingali na grisi, akalisema.
Sikujibu. Nilikwenda chumbani nikafunua daftari.
Querer: kutaka.

Nakutaka!
Neno la wahuni wa Kariakoo, wanaokufuata hadi kituoni.
Mtu hutaka ndizi. Mtu hutaka chenji yake.
Mimi nimezaliwa Magomeni, nina mama.
Kesho yake nilimsalimu kama karani wa posta,
naye akanitazama kidogo,
akarudi kwenye jokofu lake.

Daftari halikuongopa.
Ila halikusema kwamba neno hilohilo wao humwambia mama mzazi,
humwambia mtoto akienda shule, na rafiki kabla ya kukata simu;
kwamba te amo lipo, limekaa juu ya kabati na vyombo vya wageni,
na hili la kutaka ndilo kikombe cha bati cha kila siku.
Hayo nimejifunza hapa, miaka thelathini na kitu baadaye,
na miwani puani, sehemu ya mia mbili na kumi.

Marehemu mume wangu hakuniita kitu.
Usiku akirudi zamu ya bandarini aligonga dirisha la chumbani,
"Ni mimi,"
nami nilikuwa macho tangu saa sita.

Jana nilimpa Kilewo hilo.
Ni mimi. Likamtosha.
Shufaa akavua vipaza sauti: "Lakini Bi Sikudhani,
huyu mwanamke anamwona, wamekaa meza moja!"
Fundi akasema mdomo umekubali, twende la mbele.

Wakati wa chai akanisogelea na andazi mkononi.
"Kwani kwa kwao kasemaje pale?"
Nikamwambia: anasema anamtaka.
Akajiziba mdomo kwa mtandio.
"Mh! Wanaume."